Wizi wa Kitaaluma katika Masomo ya Udaktari

Wizi wa kitaaluma ni kutwaa maneno, mawazo, data au picha za mtu mwingine na kuziwasilisha kama zao la mwandishi mwenyewe, bila kumtaja aliyezitoa. Sera ya serikali kuu ya Marekani ya mwaka 2000 inauweka miongoni mwa makosa makuu matatu ya utafiti. Mengine mawili ni kubuni data ambazo hazikukusanywa na kuchezea zile zilizokusanywa. Jina la kosa hili katika lugha kadhaa za Ulaya limetoka katika Kilatini: plagiarius alikuwa mtekaji wa watu na mwizi wa watumwa, na mshairi Martial wa Roma, katika karne ya 1, alimpachika jina hilo mtu aliyekuwa akiyasoma mashairi yake hadharani na kudai ni yake.

Katika fani nyingi anayedhulumiwa ni mwandishi aliyeibiwa. Katika udaktari yupo mwingine, mgonjwa, ingawa yeye hataiona kamwe kazi yenye wizi huo. Kila sentensi ya tiba ina njia ya kuirudia nyuma: utafiti fulani, wa mwaka fulani, kwa wagonjwa wa umri fulani. Rejea hufanya kazi ambayo isnadi huwafanyia wanazuoni wa hadithi: humwezesha msomaji kuifuata habari kutoka msimulizi hadi msimulizi mpaka ilikoanzia, na kupima kama kila mmoja wao anaaminika. Chanzo kikifutwa, anayesoma dozi hana namna ya kujua kama ilijaribiwa kwa watoto au kwa watu wazima, kwa waliolazwa au kwa wanaotibiwa na kurudi nyumbani.

Ndiyo maana majarida ya tiba yalijiwekea utaratibu wa pamoja. Mwaka 1978 kikundi cha wahariri kilikutana Vancouver, Kanada, kikakubaliana juu ya namna ya kuandaa makala. Mpaka leo mtindo wa kutaja marejeo kwa nambari, kwa kufuata mpangilio yanavyojitokeza katika maandishi, unaitwa kwa jina la mji huo.

Sura za wizi

Sura iliyo wazi zaidi ni kunakili aya nzima na kuibandika. Sura inayowanasa wanafunzi wengi, tena wengine bila kujua, ni ya kubadili maneno na kuacha mfupa wa sentensi ulivyokuwa. Tuseme kitabu cha magonjwa ya watoto kimeandika hivi: "Mtoto mwenye malaria kali apimwe sukari ya damu mara tu anapopokelewa, kwa kuwa kushuka kwa sukari huweza kuleta degedege na kupoteza fahamu kunakofanana na malaria ya ubongo." Mwanafunzi anaandika: "Mtoto aliye na malaria kali anatakiwa kupimwa glukosi ya damu pindi anapolazwa, kwa sababu upungufu wa glukosi unaweza kusababisha degedege na kuzimia kunakofanana na malaria ya ubongo."

Sukari imekuwa glukosi na kwa kuwa imekuwa kwa sababu, lakini mpangilio wa hoja, mizani ya sentensi na hitimisho vyote ni vya kitabu. Hata nambari ya rejea ikiwekwa mwishoni, kosa halijaisha: nambari inakiri kwamba habari imetoka kitabuni, haikiri kwamba na sentensi imetoka huko. Mwanafunzi aliyeelewa somo angeandika kwa njia nyingine, pengine hivi: "Degedege kwa mtoto mwenye malaria halithibitishi kwamba ubongo umeshambuliwa. Sukari ikishuka dalili huwa zilezile, na kwa kuwa dawa yake ni ya haraka, kipimo cha sukari hutangulia (4)." Hapa hoja imepitia kichwani mwa mwandishi, na chanzo kimetajwa.

Si kila kitu kinahitaji rejea. Kwamba moyo una vyumba vinne, au kwamba malaria huenezwa na mbu, ni maarifa ya wote. Kinachohitaji chanzo ni takwimu, matokeo ya utafiti, mapendekezo ya matibabu, michoro, na hoja ambayo mtu fulani aliitoa kwanza.

Sura nyingine ni kuwasilisha kazi moja katika somo la pili kana kwamba ni mpya, kuchukua slaidi au picha ya eksirei bila kutaja ilikotoka, na kununua kazi iliyoandikwa na mtu mwingine. Kenya imejulikana kuwa kituo kikubwa cha biashara hii ya mwisho: vijana wenye shahada waliokosa ajira huandika insha za wanafunzi walioko Uingereza na Marekani kwa malipo. Maisha yao ndiyo mada ya filamu ya The Shadow Scholars ya mwaka 2024, inayomfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford, mwenye asili ya Kenya. Australia mwaka 2020 na Uingereza mwaka 2022 zilitunga sheria za kuharamisha uuzaji wa kazi hizo.

Rejea zisizosomwa

Sura isiyotazamwa sana ni kunakili rejea. Mwandishi anakuta nambari na jina la makala katika kazi ya mwenzake, anavihamisha kwake, na makala yenyewe haifungui. Madhara yake yameandikwa vizuri katika historia ya dawa za kutuliza maumivu. Januari 1980 jarida la New England Journal of Medicine lilichapa barua ya sentensi 5 kutoka kwa Jane Porter na Hershel Jick wa Boston. Ilisema kwamba katika wagonjwa 11,882 waliopewa dawa za jamii ya afyuni wakiwa hospitalini, waliopata uraibu uliothibitika ni 4 tu. Haikusema lolote juu ya wagonjwa wanaokwenda kuzimeza nyumbani kwa miezi.

Mwaka 2017 watafiti wa Kanada waliifuatilia barua hiyo katika maandishi 608 yaliyoitaja. Maandishi 439 yaliitumia kama ushahidi kwamba uraibu ni nadra, na 491 hayakueleza kwamba wagonjwa wale walikuwa wamelazwa. Maneno "walipokuwa hospitalini" yalikuwa yamedondoka njiani, mnakili mmoja baada ya mwingine, wakati Amerika Kaskazini ikiingia katika janga la dawa hizo. Yeyote aliyeifungua barua yenyewe angemaliza kuisoma kabla ya dakika moja.

Kesi zinazofundisha

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Elias Alsabti, daktari aliyepita katika maabara kadhaa za saratani nchini Marekani, alichapisha makumi ya makala yaliyokuwa ya watu wengine. Alikuwa akichukua makala iliyokwisha kutoka, anabadili kichwa na majina ya waandishi, kisha anaipeleka katika jarida la nchi nyingine lisilosomwa sana. Alifichuliwa mwaka 1980.

Kesi ya Yale ina mafunzo zaidi. Mwaka 1978 Helena Wachslicht-Rodbard, mtafiti kijana wa taasisi za taifa za afya za Marekani, alipeleka katika jarida kubwa makala kuhusu insulini kwa wagonjwa wanaojinyima chakula. Mhariri aliipeleka kwa Philip Felig wa Yale aihakiki, naye akamkabidhi msaidizi wake, Vijay Soman. Ushauri uliorudi ni kwamba ikataliwe. Baadaye makala ya Soman na Felig juu ya mada hiyohiyo ilifika, kwa uhakiki, kwa mkuu wa Rodbard mwenyewe. Rodbard alipoisoma alikuta sentensi zake. Kwa zaidi ya mwaka malalamiko yake yalichukuliwa kuwa ugomvi wa maneno machache. Mkaguzi alipotumwa mwaka 1980 kutazama data za Soman, aligundua kwamba nyingine zilikuwa zimechezewa na nyingine hazipo. Soman alijiuzulu, na makala zake kadhaa zikafutwa. Sentensi za kuibwa ndizo zilizofungua mlango wa data za uongo.

Kesi ya tatu inahusu wakubwa. Juni 2011, katika karamu ya wahitimu wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, mkuu wa kitivo, Philip Baker, alitoa hotuba iliyowagusa wasikilizaji. Katikati yake lilitokea neno la kitabibu ambalo hakuna aliyewahi kulisikia. Baadhi ya wahitimu walitoa simu zao, wakalitafuta, na wakakutana na hotuba ya daktari mpasuaji Atul Gawande kwa wahitimu wa Stanford ya mwaka 2010. Neno lile Gawande alilibuni kwa mzaha. Kuanzia hapo waliifuata hotuba ya mkuu wao kwenye simu, mstari kwa mstari. Baker aliomba radhi na kuacha cheo hicho mwezi huohuo.

Kwa nini wanafunzi

Elimu ya udaktari ina mgongano ndani yake. Kwa miaka mingi mwanafunzi husifiwa kwa kukariri. Katika raundi ya wodi, anayetaja sababu za umanjano kwa watoto wachanga kwa mpangilio wa kitabu, neno kwa neno, ndiye anayeonekana amesoma. Akifika kwenye tasnifu, ustadi uleule unageuka kosa la kufukuzwa chuo, na mara nyingi hakuna aliyekaa naye kumweleza mstari uko wapi.

Yapo na mengine. Madesa, yale maandishi ya masomo yanayorithiwa darasa hadi darasa, hayana jina la mwandishi wala chanzo, na mwanafunzi aliyelelewa nayo huzoea kuona maarifa kama mali isiyo na mwenyewe. Kwa wengi wa Afrika Mashariki Kiingereza ni lugha ya pili au ya tatu, na sentensi ya kitabu huonekana salama kuliko ya mtu mwenyewe. Tena ripoti hudaiwa asubuhi baada ya zamu ya usiku. Sababu hizi zinaeleza kosa, hazilifuti: cha kuazima hakistiri maungo, na pengo la ufahamu lililofunikwa kwa maneno ya wengine hubaki palepale mbele ya mgonjwa.

Programu na mipaka yake

Turnitin, iliyoanzishwa mwaka 1998, ndiyo programu inayofahamika zaidi vyuoni. Mwaka 2010 watafiti wa Boston walitangaza matokeo ya kupitisha katika programu ya aina hiyo insha 4,975 za madaktari walioomba nafasi za mafunzo ya ubingwa: asilimia 5.2 zilionyesha dalili za wizi, katika insha ambazo kila mwombaji alitakiwa kueleza maisha yake mwenyewe.

Asilimia inayotolewa na programu ni ya ufanano, si ya wizi. Kazi yenye ufanano wa asilimia 20 inaweza kuwa safi, kama mfanano umetawanyika katika majina ya vipimo, maelezo ya kawaida ya mbinu na orodha ya marejeo. Yenye asilimia 6 inaweza kuwa na aya nzima ya kuibwa. Programu hizi pia hushindwa kwa urahisi na kazi iliyotafsiriwa, au wazo lililochukuliwa bila maneno yake. Msimamizi anayesoma ripoti yenyewe, badala ya kutazama nambari ya juu tu, ndiye anayeweza kuhukumu.

Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 tatizo limebadilika sura. Akili mnemba hutoa sentensi ambazo hazijaandikwa na mtu yeyote, na mara nyingine hutaja makala ambazo hazipo kabisa. Programu za kuitambua nazo hukosea: utafiti wa Stanford wa mwaka 2023 ulizijaribu 7 kwa insha 91 za watahiniwa ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilihukumiwa kimakosa kuwa za mashine. Onyo hilo linawahusu moja kwa moja walimu wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala.

Kutoka karatasini hadi wodini

Tabia ya kunakili haiishii maktaba. Mwanafunzi anayeandika historia ya mgonjwa huweza kuihamisha ile iliyoandikwa na daktari wa zamu, pamoja na makosa yake. Kasi ya kupumua, ambayo huhitaji kumtazama mgonjwa kifua kwa dakika nzima, mara nyingi huandikwa 20 kwa kila kitanda, bila saa kutazamwa. Daftari la mazoezi hujazwa idadi ya wazazi waliozalishwa na mwenzake. Mifumo ya kompyuta imeurahisisha unakili: uchunguzi wa taarifa 23,630 za maendeleo ya wagonjwa katika hospitali ya Chuo Kikuu cha California, San Francisco, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba asilimia 46 ya maandishi yalikuwa ya kunakiliwa na asilimia 18 tu yaliandikwa upya kwa mkono.

Uhusiano wa tabia ya chuoni na ya kazini umepimwa. Mwaka 2005 Maxine Papadakis na wenzake walilinganisha madaktari 235 walioadhibiwa na mabaraza ya majimbo ya Marekani na 469 wasioadhibiwa. Walioadhibiwa walikuwa na uwezekano wa mara 3 zaidi wa kuwa na rekodi ya mwenendo usiofaa tangu wakiwa wanafunzi, na kutowajibika ndiko kulikoonyesha uhusiano mkubwa kuliko yote.

Kushughulikia na kuzuia

Kamati ya nidhamu yenye busara hutenganisha viwango. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyesahau alama za kunukuu hufundishwa na kurudia kazi. Aliyenakili sura ya tasnifu, aliyenunua kazi au aliyebuni wagonjwa hushtakiwa, husikilizwa, na adhabu huweza kufikia kufukuzwa au kunyang'anywa shahada.

Kinga iko katika mazoea madogo. Chanzo huandikwa papo hapo wakati wa kuchukua maelezo, kwa sababu baada ya wiki mbili hakuna anayekumbuka sentensi ipi ilikuwa yake. Kitabu hufungwa kabla ya kuandika, kisha hufunguliwa kuhakiki. Makala inayotajwa husomwa yenyewe. Msimamizi huonyeshwa rasimu mapema, wakati kosa bado ni la kurekebisha. Wodini, kipimo kisichochukuliwa huandikwa "hakijapimwa": nafasi iliyo wazi humwambia muuguzi wa zamu inayofuata kwamba kuna kazi imebaki, wakati nambari ya kubuni humwambia imekwisha.