Mwalimu, OAU na Vita vya Kagera: Nchi Inapolazimika Kutenda Peke Yake (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona kwamba Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1945 unazikataza nchi kutumia nguvu dhidi ya mipaka ya wengine, halafu katika kifungu cha 51 unamwachia aliyeshambuliwa haki ya kujihami. Wanaotaka nchi iamue na kutenda peke yake, na wale wanaotaka izungumze kwanza, wamekuwa wakibishana katika nafasi iliyopo kati ya vifungu hivyo. Leo nautazama ubishi huo mahali ulipopimwa kwa damu ya watu wetu, kwenye kingo za Mto Kagera.

Mjadala huu ukizuka hapa nchini hawakosi wa kusema kuwa Mwalimu Nyerere hakuomba ruhusa ya mtu: alimpiga Idi Amin mpaka akakimbia, mambo yakaisha. Kauli hiyo inafuta miaka saba iliyotangulia vita, na inafuta pia yaliyofuata baada ya ushindi. Mambo hayakuisha.

Amin aliipindua serikali ya Milton Obote tarehe 25 Januari 1971. Tanzania ilikataa kumtambua, ikampa Obote hifadhi Dar es Salaam. Septemba 1972 wafuasi wa Obote waliingia Uganda na silaha wakitokea kwetu, wakashindwa vibaya, na Amin akajibu kwa kutuma ndege kuishambulia Bukoba. Lile lilikuwa jaribio la nguvu lisilo na maandalizi ya kijeshi wala ya kisiasa, na hatumheshimu Mwalimu kwa kuliruka tunapoisimulia historia yake. Aliyeutuliza mpaka alikuwa msuluhishi, Siad Barre wa Somalia. Katika Mkataba wa Mogadishu wa Oktoba 1972 pande zote mbili zilikubali kurudisha majeshi yao kilomita 10 kutoka mpakani, na kutowaruhusu maadui wa jirani kuitumia ardhi yao. Mkataba ule haukumwokoa Mganda hata mmoja na mateso ya Amin. Lakini wakulima wa Missenyi, upande wetu wa mpaka, walilima kwa miaka sita bila vita kamili, na mtu aliyewahi kuikimbia migomba yake anajua thamani ya miaka sita.

Ndani ya miaka hiyo Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, ulimkabidhi Amin uenyekiti. Mkutano wa wakuu wa nchi wa mwaka 1975 ulifanyika Kampala. Tanzania, Zambia na Botswana zikasusia. Hoja ya Tanzania ilikuwa kwamba umoja ulioundwa kuwatetea Waafrika dhidi ya wakoloni haukuwa na haki ya kunyamaza pale Waafrika wanapouawa na Mwafrika mwenzao. Wengi walijibu kwa katiba ya OAU ya mwaka 1963, iliyokataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka. Tarehe 1 Novemba alitangaza kuwa ardhi yote ya kaskazini mwa Mto Kagera, kiasi cha kilomita za mraba 1,840, ni ya Uganda. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka lilivunjwa. Watu waliuawa, ng'ombe wakaswagwa, na maelfu wakakimbia na watoto mgongoni.

Sasa tukumbuke jambo moja. Azimio la OAU la kuiheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni lilipitishwa Cairo, Julai 1964, na aliyeipeleka hoja ile mkutanoni ni Nyerere mwenyewe. Amin hakuwa ameivamia Tanzania tu, alikuwa ameuvunja msingi ambao OAU yenyewe iliujenga. Haikuwahi kutokea kesi iliyo rahisi kuamua kuliko hii. Hata hivyo OAU, chini ya uenyekiti wa Jaafar Numeiry wa Sudan, ilizisihi pande zote mbili zisimamishe mapigano na kukaa mezani, bila kumtaja mvamizi kwa jina lake. Mwalimu aliuliza kwa nini aliyevunjiwa nyumba apatanishwe na mwizi angali ndani. Masharti yake yalijulikana: uvamizi ulaaniwe, Amin aachane na madai ya ardhi, alipe fidia. OAU haikutamka laana hiyo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaoamini kuwa kuzungumza ni kuzuri wakati wote. Usuluhishi wa Mogadishu ulikuwa na vipimo: kilomita 10, majeshi haya, wajibu huu. Usuluhishi wa 1978 ulikuwa na maneno ya upole tu. Msuluhishi anayeogopa kusema nani kamkosea nani humwachia mkosewa bunduki peke yake, na viongozi wa Afrika waliomlaumu Nyerere baadaye walikuwa wamemfungia mlango uliobaki.

Jeshi letu lilikuwa limeikomboa Kagera kabla ya mwaka kwisha. Ugumu wa kisheria ulianza Januari 1979, lilipoichukua Mutukula, ndani ya Uganda, na kusonga mbele hadi Masaka na Mbarara. Kujihami kunakoma wapi? Mwalimu alijibu kwamba kulikuwa na vita viwili, vya Watanzania kumtoa mvamizi na vya Waganda kumwondoa dikteta wao. Ukweli ni kwamba Waganda wale walikuwa wachache, na Muammar Gaddafi alipotuma askari wa Libya kumsaidia Amin, mpaka kati ya vita hivyo viwili ulififia kabisa. Baada ya mapigano ya Lukaya mwezi Machi, njia ya Kampala ilikuwa wazi.

Hata hivyo Mwalimu hakukimbilia Kampala. Mwishoni mwa Machi makundi ya Waganda waliokuwa uhamishoni yalikutana Moshi, yakaunda umoja wao wa ukombozi, UNLF, yakamchagua Yusuf Lule awe kiongozi. Obote, rafiki wa Mwalimu, alishawishiwa asihudhurie. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, palikuwa na serikali ya Waganda iliyo tayari kuapishwa, na Uingereza ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoitambua mapema.

Linganisha na Vietnam, iliyoingia Kambodia Desemba 1978 na kuuangusha utawala wa Pol Pot, katili kuliko hata Amin. Vietnam iliadhibiwa kwa miaka mingi, na kiti cha Kambodia katika Umoja wa Mataifa kilibaki kwa waliong'olewa. Sababu kubwa ilikuwa siasa za China, Marekani na Muungano wa Kisovieti, ambazo Kagera haikuwa nazo. Lakini Hanoi haikuwa na Mogadishu yake wala Moshi yake, na hilo lina uzito.

Bei ya kwenda peke yetu ilikuja baadaye. Gharama za vita zilikadiriwa kufikia dola za Marekani milioni 500, na hazikuwa na mchangiaji mkubwa, huku bei ya mafuta ikipanda duniani. Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Waliopanga foleni za sukari na sabuni wanajua ilikuwa zaidi ya hapo. Kampala nako, Lule aliondolewa baada ya siku 68, Godfrey Binaisa akaondolewa Mei 1980, Obote akarudi kwa uchaguzi wa Desemba uliobishaniwa, na Februari 1981 Yoweri Museveni alikuwa msituni akipigana na serikali ya Obote. Askari wa Tanzania walikuwa bado Uganda, wakilaumiwa kwa kila waliloamua na kila waliloacha. Laiti Afrika ingeshiriki kuilinda amani ile, lawama na mzigo vingegawanywa, na pengine Luwero, vilikopiganwa vita vya Museveni, isingekuwa kaburi la watu wengi hivyo.

Katika mkutano wa OAU wa Monrovia, Julai 1979, Numeiry na Olusegun Obasanjo wa Nigeria waliishutumu Tanzania. Aliyesimama kuitetea alikuwa Binaisa, rais mpya wa Uganda. Ilichukua miaka 21 zaidi kabla ya Waafrika kuandika, katika kifungu cha 4 cha Sheria ya Kuanzisha Umoja wa Afrika iliyopitishwa Lomé, kwamba Umoja una haki ya kuingilia kati panapokuwa na mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita au uhalifu dhidi ya binadamu.

Wiki ijayo tutakwenda Komoro. Machi 2008 wanajeshi wa Tanzania walishuka katika kisiwa cha Anjouan kumng'oa Kanali Mohamed Bacar, safari hii wakiwa na baraka za Umoja wa Afrika na wakiwa bega kwa bega na askari wa Sudan, nchi ileile ya Numeiry.