"Papa ameruhusu ndoa za jinsia moja": ni kweli?
Hii nimeisikia kwa mikutano ya siasa mara nyingi, wacha niieleze. Hati ya Vatikani ya tarehe 18 Desemba 2023 iliruhusu padri kuwabariki wapenzi wa jinsia moja, kwa sala fupi, nje ya ibada. Ndoa ilibaki vile vile: mume na mke. Januari 2024 maaskofu wa Afrika wakasema huku kwetu hata hiyo baraka haitatolewa.

Lakini taarifa hiyo hiyo ya maaskofu ilisema utu wa watu hawa uheshimiwe. Hapo ndipo wanasiasa huruka, eti hawajaona.

Mimi ni Mkatoliki. Binamu yangu alitoka kanisani katikati ya mahubiri. Hakuna aliyemfuata, hata mimi.