Kichwa cha Risasi Kikizama Kidogo Tu, Bunduki Inaweza Kulipuka Usoni

Wasee wangu wa Cheptais, mmeona zile video za YouTube, buda wa Marekani ako kwa garage akijaza risasi zake mwenyewe? Anachukua ganda lililotumika, anaweka kiwashio, anamwaga baruti, anakandamiza kichwa juu. Inakaa rahisi kama kupika mandazi. Zii, si rahisi.

Noma iko hapo kwa kichwa. Lazima kikae kwa kina chake kamili. Kikizama, nafasi ya baruti inapungua, gesi inakosa pa kuenda, presha inapanda na chuma inaweza kupasukia mtu usoni. Kikitokeza sana, risasi inakwama ama inabanwa kwa mtutu. Kikilegea, kinaweza kusukumwa ndani bunduki ikijipakia. Ndio maana hao mabuda hupima kila moja kwa kalipa, na mizani ya baruti iko kando. Ikizama, hawabahatishi: wanang'oa kichwa waanze upya, ama wanaitupa.

Sasa rudi home. Vita vya SLDF vilianza 2006 juu ya mashamba ya Chebyuk, na Machi 2008 jeshi likaingia na Operesheni Okoa Maisha. Ukilima leo ukutane na risasi ya kitambo, kichwa kimezama na kutu imeshika, usijifanye fundi. Kutu haimaanishi imekufa. Baruti na kiwashio vinaweza kuwa bado hai. Ukiigonga na nyundo ama uitupe kwa moto, ganda ndilo hupasuka, na vipande vya shaba vinatafuta macho. Watoi ndio hupenda hiyo michezo.

Na usiitie mfukoni. Sheria ya Silaha, Sura 114, inataka cheti hata kwa risasi moja, na kujitengenezea kwa nyumba ni kesi ingine kabisa.

Najua mbona watu hunyamaza. Human Rights Watch iliandika 2008 kuhusu mateso ya wanajeshi na ya SLDF pia, so mzazi wako kuogopa karao si ujinga. Lakini kuificha chini ya kitanda ndio mbaya zaidi. Iache pale pale, simamisha kijiti hatua kadhaa kando, toa watoi na ng'ombe, halafu uende kwa chifu na mzee wa mtaa mkiwa wawili ama watatu. Makarao wakuje kuichukua wenyewe, mbele ya hao mashahidi.