KITI CHA KULISHIA MTOTO: KAGUA MKANDA KWANZA, BEI BAADAYE

Leo tunaongea na wewe unayeuza vitu vya watoto vya mtumba: vigari, vitanda, bebeo na hasa viti vya kulishia watoto. Iwe unachukua mzigo kwenye kontena Dar es Salaam au Mombasa, au unanunua kimoja kimoja kwa watu wanaohama nyumba, somo hili linakuhusu.

Wengi wetu tukifika kwenye mzigo tunaangalia vitu viwili: rangi na bei. Kiti kinang'aa, bei imepoa, tunabeba. Ukifika dukani ndio unagundua hakina mkanda, au loki ya mguu imekufa, au trei si yake. Hapo mtaji umeshalala.

Na hiyo ni hasara ndogo. Meza ya kawaida ya kulia ina urefu wa sentimita 75 hivi. Mtoto akisimama kwenye kiti kirefu cha kulishia, kichwa chake kiko juu zaidi ya hapo, na chini ni saruji au vigae. Akianguka anatangulia na kichwa. Kwa hiyo hii sio bidhaa ya kuuza kwa kukisia.

Kumbuka neno moja tu: unachouza ni mkanda na miguu imara. Rangi, sponji na midoli ya kuning'inia ni nyongeza.

MTOTO ANAANGUKAJE?

Ukijua hili, utajua pa kuangalia.

- Hajafungwa, anasimama, anapinduka.
- Anateleza chini ya trei. Makalio yanapita, kichwa kinakwama. Hii inaweza kumkaba shingo.
- Anasukuma meza au ukuta kwa miguu, kiti kinaanguka kinyumenyume.
- Kiti cha kukunja hakijafunga loki vizuri, kinajikunja mtoto akiwa ndani.
- Skrubu zimelegea au plastiki ina ufa, mguu unaachia.

JUA AINA ZILIZOPO SOKONI

Kiti kirefu cha miguu minne. Ndicho kinachojulikana zaidi. Kuna vya plastiki vyepesi kama Antilop ya IKEA, ambavyo miguu inachomolewa na kuoshwa ni dakika moja. Kuna vya kukunja vyenye sponji na tairi. Kuna vya mbao kama Tripp Trapp ya Stokke, kiti cha Norway kilichobuniwa na Peter Opsvik mwaka 1972. Ukikutana na Tripp Trapp usikiuze kama kiti cha mbao cha kawaida. Sehemu ya kukalia na ya kuwekea miguu zinapandishwa na kushushwa kadiri mtoto anavyokua, hivyo mteja anakitumia miaka mingi. Ila kwa mtoto mdogo kinahitaji kizuizi chake cha mbele na mkanda. Uliza kama vipo.

Busta. Kiti kidogo kinachofungwa juu ya kiti cha watu wazima. Hiki kina mikanda ya aina mbili: ya kumfunga mtoto, na ya kufunga busta kwenye kiti kikubwa. Ikikosekana ya pili, busta nzima inaweza kuteleza na mtoto akiwa juu yake. Hesabu mikanda yote.

Kiti cha kuning'inia mezani. Hakina miguu, kinabana ukingo wa meza. Kinataka meza nzito ya mbao. Meza ya kioo hapana, ya plastiki hapana, yenye mguu mmoja katikati hapana, na kitambaa cha meza kiondolewe kwanza. Mteja akikwambia nyumbani ana meza ya kioo, mwambie ukweli na umpeleke kwenye aina nyingine.

Kiti cha chini cha sponji ngumu, kama Bumbo ya Afrika Kusini. Mtoto anaingizwa miguu anakaa kama kwenye bakuli. Hiki ni cha sakafuni TU. Marekani Bumbo milioni 1 hivi ziliitwa mwaka 2007, na mwaka 2012 zikaitwa tena milioni 4 hivi ili wenye nazo wapewe mkanda wa bure. Sababu ni kwamba watoto walikuwa wanachomoka na kuanguka, wengine wakiwa wamewekwa juu ya meza, na wapo waliopasuka fuvu. Ukipata Bumbo isiyo na mkanda, ujue huenda ni ya zamani ambayo haikurekebishwa.

UKAGUZI WA DAKIKA TANO

Fanya haya ukiwa hapo hapo kwenye mzigo, kabla hujataja bei.

1. Mkanda. Funga, kisha vuta kwa nguvu. Kifungio kinatakiwa kulia "ka" na kisiachie. Mzuri zaidi ni wa ncha tano, unaopita mabegani, kiunoni na katikati ya miguu. Wa ncha tatu unakubalika kama unabana vizuri. Wa kiunoni peke yake haumzuii mtoto kuteleza.

2. Nguzo ya katikati ya miguu. Hicho kipande kinachosimama kati ya mapaja ndicho kinachomzuia mtoto kuteleza chini ya trei. Kwenye viti vingine kimeshikana na trei, kwa hiyo trei ikipotea na nguzo imepotea. Usiseme "trei sio lazima" kabla hujaangalia hili.

3. Miguu. Weka kiti sehemu tambarare, kishike mgongo ukitikise mbele, nyuma na pembeni. Miguu ya chini lazima iwe imetanuka kuliko sehemu ya kukalia. Kikicheza, angalia kama ni skrubu tu au ni ufa. Skrubu inakazwa. Ufa kwenye plastiki inayobeba uzito haurekebishiki kwa gundi.

4. Loki ya kukunja. Kunja na kukunjua mara tatu. Kikishafunguka, jaribu kukikunja bila kubonyeza loki. Kikikubali, kiache.

5. Tairi. Kama zipo, breki zifanye kazi.

6. Trei. Iingie, ilie, isichomoke ukiivuta. Trei ya kiti kingine iliyolazimishwa ni kimeo.

7. Vidole. Pitisha mkono kila mahali. Panapokukwaruza wewe patamkata mtoto. Angalia pia vipande vidogo vinavyobanduka, mtoto atavitia mdomoni.

SOMA LEBO YA CHINI

Pindua kiti. Kwa kawaida chini au nyuma kuna lebo yenye jina la kampuni, namba ya modeli na tarehe ya kutengenezwa. Usiibandue hata kama imechakaa, ni mali.

Kiti cha Ulaya angalia maandishi EN 14988. Cha Marekani angalia ASTM F404. Cha kuning'inia mezani cha Ulaya ni EN 1272. Hizo ni namba za viwango vya usalama. Kule Marekani, viti virefu vilivyotengenezwa kuanzia tarehe 19 Juni 2019 vinabanwa na sheria, na mkanda pamoja na nguzo ya katikati vimo kwenye masharti.

Halafu shika simu. Andika mtandaoni jina la kampuni, namba ya modeli na neno la Kiingereza "recall". Maana yake ni bidhaa iliyoitwa irudishwe au irekebishwe kwa sababu ya hatari. Mfano mwaka 2010 kampuni ya Graco iliita viti vya Harmony milioni 1.2 hivi huko Marekani, kwa sababu skrubu za miguu ya mbele zilikuwa zinalegea na plastiki ya miguu ya nyuma inapasuka. Kwa macho kiti kama hicho ni kizuri kabisa. Na kitu kikishatolewa ndani kwa mtu huko, kinaweza kuingia kwenye mtumba kama kitu kingine chochote. Lebo ndio inakuokoa.

MKANDA HAUPO, NIFANYEJE?

Usifunge kanga, kamba wala mkanda wa suruali ukasema "mteja atajua mwenyewe". Fanya hivi:

- Viti vilivyokufa usivitupe vizima. Toa mkanda, trei na skrubu, weka stoo. Kiti kimoja kibovu kinaweza kufufua kingine cha aina hiyo hiyo.
- Kuna mikanda ya kununua peke yake kwa viti vya watoto. Ipite kwenye matundu ya kiti chenyewe, isizungushwe tu mgongoni.
- Kama matundu yenyewe yamepasuka, biashara imeisha. Hicho ni spea.

Hapa ndipo roho inauma, maana hela imetoka. Utashawishika kukiuza kwa bei chee ili angalau mtaji urudi. Usifanye hivyo. Mnunuzi wa bei chee naye ana mtoto, na ndiye asiye na hela ya kumpeleka hospitali.

HESABU YAKO

Namba hizi ni mfano tu, weka zako. Umenunua kiti 35,000. Usafiri 3,000. Mkanda 6,000. Sabuni na kuosha 1,000. Jumla 45,000. Ukiuza 60,000 faida ni 15,000, sio 25,000 kama ulivyofikiria pale kwenye mzigo.

Sasa kiti kimoja kikifa, umepoteza 38,000 za kununua na usafiri. Hiyo ni faida ya viti viwili na nusu vizima! Ndio maana dakika tano za ukaguzi ni hela. Na ukikuta mkanda haupo, unayo hoja ya kushusha bei: "Bosi, hiki naenda kukinunulia mkanda, nitolee gharama yake."

KUOSHA

Uji mkavu unajificha kwenye kifungio mpaka kinashindwa kulia "ka". Loweka mkanda kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni, sugua na mswaki wa zamani, anika. Jiki usiweke kwenye mkanda, inaweza kudhoofisha nyuzi. Kava la sponji lifuliwe, na sponji iliyooza au kunuka itolewe.

MASWALI MATATU KABLA YA KUMUUZIA MTEJA

"Mtoto ana miezi mingapi, na anakaa?" Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aanze vyakula vya nyongeza akifikisha miezi 6. Kwa kiti, la msingi ni shingo iwe imekaza na aweze kukaa wima. Wa miezi minne mwambie mama asubiri. Utakosa hela leo, ila atarudi kwako kwa sababu hukumdanganya.

"Nyumbani mnakula wapi?" Wengi wetu tunakula mkekani. Sasa familia inakula chini, wewe unamuuzia kiti kirefu, mtoto anakaa juu peke yake kama mnara. Mwonyeshe busta inayoruhusiwa kuwekwa sakafuni au kiti cha chini. Atafurahi, na pengine ametumia hela kidogo zaidi.

"Nafasi ipo?" Aliyepanga chumba kimoja anataka cha kukunja au cha kuchomoa miguu. Mfundishe loki kabla hajaondoka.

Kisha mwambie mambo manne, kila mteja, bila kuchoka: mkanda kila mara hata kwa vijiko viwili vya uji, trei sio mkanda, kiti kikae mbali na ukuta na kitu chochote anachoweza kusukuma kwa miguu, na usimwache mtoto peke yake. Mwache afunge na kufungua mwenyewe mbele yako mpaka azoee.

KWA WENYE MIGAHAWA

Kiti kimoja au viwili vya watoto vinamfanya mama ale kwa amani. Fundi seremala anaweza kukutengenezea cha mbao. Msisitizie: miguu itanuke chini, kona zipigwe msasa ziwe duara, kizuizi cha mbele kiwe na nguzo ya katikati, na mkanda upite kwenye mbao yenyewe. Usipigiliwe msumari mmoja pembeni. Kaza skrubu kila wiki, kiti cha mgahawa kinavutwa kutwa nzima.

UKIWEKA TANGAZO

Piga picha nne: kiti kizima, mkanda ukiwa umefungwa, lebo ya chini, na kasoro kama ipo. Andika wazi: "Trei ina mkwaruzo, mkanda mzima, loki nzima." Mteja aliyeona kasoro kwenye picha hana cha kulalamikia akipokea mzigo.

Una kiti dukani na huna uhakika nacho? Tuma picha ya mkanda na lebo hapo chini tukiangalie pamoja. Na kama unamjua mwenzako anayeuza vitu vya watoto, mtumie somo hili kabla hajaenda kuchukua mzigo mwingine.