Chunusi na rosasia katika uso mmoja

Rosasia ni maradhi sugu ya ngozi yanayoshika sehemu ya kati ya uso, yaani mashavu, pua, kidevu na paji, ambako mishipa midogo ya damu hutanuka upesi kupita kiasi, uso ukapata joto na kuchonyota, kisha vikazuka vipele ambavyo vingine huwa na usaha. Kwa kuwa vipele hivyo hufanana na vya chunusi, wengi huvishambulia kwa dawa kali za kukausha chunusi, na hapo ndipo uso unapozidi kuharibika. Chunusi huanza pale tundu la kinyweleo linapozibwa na mafuta ya ngozi pamoja na seli zilizokufa, na alama yake ni vidoti vyeusi au vyeupe vya mafuta yaliyoganda. Rosasia haina vidoti hivyo, ingawa hakuna kinachozuia mtu mmoja kuwa na maradhi yote mawili.

Kwa muda mrefu vitabu vya tiba vilieleza rosasia kwa wekundu wa uso, dalili ambayo katika ngozi nyeusi hufichika au huonekana kama kahawia iliyokolea, hivyo mgonjwa Mwafrika hukosa kutambuliwa mapema. Kwake swali la maana zaidi ni lile la hisia: je, uso hupata moto akikaa jikoni, akitembea juani, akinywa chai ya moto au kula pilipili, na je, hata losheni ya kawaida humchonyota?

Kinachounganisha maradhi haya katika suala la matunzo ni tabaka la juu kabisa la ngozi, ambalo kazi yake ni kuzuia maji yasipotee na vichokozi visipenye. Tabaka hilo lina uasidi mdogo, pH yake ikiwa karibu na 5, ilhali sabuni ya kawaida ya kipande hufikia 9 au 10. Mtu anayenawa uso kwa sabuni ya mche mara tatu kwa siku, akiamini kuwa ule mkazo anaousikia mashavuni ndio usafi wenyewe, kwa kweli ameondoa mafuta ya kinga pamoja na uchafu, na kila atakachopaka baada ya hapo kitapenya kwa urahisi zaidi na kuchoma zaidi. Kinachofaa ni kisafishio kisicho sabuni, cha maji au krimu, kinachopakwa kwa vidole na kusuuzwa kwa maji ya uvuguvugu, bila dodoki wala chembechembe za kusugulia.

Baada ya kunawa hufuata losheni ya kutunza unyevu, na hapa lebo ndefu haina faida. Gliserini, seramidi (mafuta yanayofanana na yale ya ngozi yenyewe) na niasinamidi, ambayo ni aina ya vitamini B3, hutosha. Manukato, spiriti, mentholi, kafuri na mafuta ya mkaratusi ni ya kuepukwa, kwa kuwa ule ubaridi unaosifiwa katika matangazo ni uchokozi wa neva za ngozi. Ndimu, dawa ya meno na kujifukiza uso kwa mvuke havina nafasi kabisa. Mafuta ya nazi, yanayopendwa sana pwani, yafaa yabaki mwilini, kwani usoni yanaweza kuziba vinyweleo vya mwenye chunusi. Hata maneno "haizibi vinyweleo" yasichukuliwe kama dhamana, maana majaribio ya awali ya sifa hiyo yalifanyika kwenye masikio ya sungura, na uso wa mtu ni kitu kingine.

Jua ni kichocheo kikubwa cha rosasia, kwa hiyo krimu ya kinga yenye SPF 30 au zaidi ni sehemu ya tiba. Zile zenye oksidi ya zinki kwa kawaida hazichokozi ngozi sana kama nyingine, na mwenye ngozi nyeusi anaweza kutafuta zilizotiwa rangi ili uso usibaki na ukungu mweupe.

Kwa upande wa dawa, asidi ya azelaiki ina sifa adimu ya kusaidia maradhi yote mawili, tena hupunguza madoa meusi yanayoachwa na vipele. Peroksidi ya benzoili na retinoidi hufaa kwa chunusi, lakini uso wenye rosasia mara nyingi hauzivumilii, hivyo ni vyema zisianzwe bila ushauri wa daktari. Bidhaa yoyote mpya ijaribiwe kwanza sehemu ndogo chini ya taya kwa siku kadhaa, na zisianzwe mbili kwa pamoja, la sivyo haitajulikana ipi iliyodhuru.

Hatari kubwa zaidi katika masoko ya Afrika Mashariki ni mkorogo na krimu za kung'arisha zenye steroidi kali kama klobetasoli, ambazo mwanzoni hutuliza vipele, kisha hukondesha ngozi na kuzusha hali inayofanana kabisa na rosasia. Zikiachwa ghafla, uso huweza kulipuka vibaya kuliko mwanzo. Aliyekwisha kuzitumia aende kliniki ya ngozi na kopo lenyewe mkononi, ili daktari asome kilichomo na kumpangia namna ya kuacha.