Kikaratasi kwenye koti: watoto waliopandishwa treni wakati wa vita

(MUZIKI WA KIPINDI, KISHA UNASHUKA)

MTANGAZAJI 1: Leo tunaanza na filamu.

MTANGAZAJI 2: Filamu gani hiyo, kaka?

MTANGAZAJI 1: Inaitwa The Railway Children Return, ya mwaka 2022. Inafuata filamu ya 1970 ambayo familia nyingi za Uingereza zimeipenda kwa miaka. Jenny Agutter, aliyeigiza binti Bobbie wakati ule, amerudi akiwa bibi mwenye mjukuu.

MTANGAZAJI 2: Na hadithi yenyewe?

MTANGAZAJI 1: Ni mwaka 1944. Lily, Pattie na Ted, watoto wa mama mmoja, wanatoka mji wa Salford kwa treni hadi kijiji cha Oakworth, mbali na mabomu. Wanapokewa nyumbani kwa Bobbie. Karibu na reli wanamkuta Abe, askari kijana mweusi wa Marekani, amejificha kwa sababu ya kuonewa na askari polisi wa jeshi lake.

MTANGAZAJI 2: Je, watoto walihamishwa hivyo kweli?

MTANGAZAJI 1: Ndiyo, dada. Kuanzia tarehe 1 Septemba 1939, katika siku chache tu, watu wapatao milioni 1.5 walihamishwa kutoka miji ya Uingereza. Wengi walikuwa wanafunzi waliosafiri na walimu wao, bila wazazi. Kila mtoto alifungwa kikaratasi chenye jina lake kwenye koti.

MTANGAZAJI 2: Walipofika?

MTANGAZAJI 1: Mara nyingi walipangwa ukumbini, wenyeji wakachagua. Mwenye nguvu za kusaidia shambani alichukuliwa mapema. Mdogo, au aliyeng'ang'ania mkono wa ndugu yake, alibaki mwisho. Wapo waliopendwa kama watoto wa kuzaa. Wapo pia waliopigwa na kufanyishwa kazi. Filamu inachangamsha, lakini si kila treni ilifika kwenye nyumba njema.

MTANGAZAJI 2: Basi usalama wa mwili hautoshi.

MTANGAZAJI 1: Hautoshi. Anna Freud na Dorothy Burlingham, waliotunza watoto London wakati wa vita hivyo, waliona kwamba kutengwa na mama kuliwaumiza wadogo kuliko kelele za mabomu.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI 2: Wasikilizaji, wengi wetu tumekimbia usiku, na mkono wa mtoto ukaponyoka. Tunajifunza nini?

MTANGAZAJI 1: Kwanza, mfundishe mtoto jina lake kamili, majina ya wazazi na jina la kijiji. Kikaratasi hupotea, lakini alichokariri hubaki naye. Pili, ndugu wasitenganishwe. Tatu, ukimwokota mtoto njiani, usimbadilishe jina, wala usimfiche, hata kama umempenda. Toa taarifa kwa Msalaba Mwekundu au kwa wahudumu wa ulinzi wa watoto kambini. Msalaba Mwekundu hutafuta ndugu waliopoteana bila kudai malipo.

MTANGAZAJI 2: Na mzazi anayetafuta?

MTANGAZAJI 1: Naye ajiandikishe, na akihama kambi aseme anakokwenda. Asipofanya hivyo, mtoto ataletwa, asimkute.

MTANGAZAJI 2: Kabla ya kulala leo, muulize mwanao: jina lako kamili ni nani?

(MUZIKI WA KUFUNGA)