Mlima Uliogeuka Udongo

Ndugu msomaji, siku isiyo na ukungu, simama hapa Kericho utazame kaskazini. Utauona Tinderet. Wengi husema, "Aa, si ni kilima tu!" Kumbe ni volkeno kuukuu iliyotema moto yapata miaka milioni 20 iliyopita. Kilimanjaro haujafika hata milioni 3. Mbele yake ni mtoto mchanga.

Umri huo umejulikanaje? Majivu yake yalifukia wanyama huko Koru na Songhor, akiwemo sokwe wa kale aliyepewa jina la Proconsul mwaka wa 1933. Wataalamu wamepima mawe yenye mifupa hiyo.

Je, kilele kilienda wapi? Mvua na mito viliumenya mlima kidogo kidogo. Mawe ya volkeno yakioza huwa udongo mwekundu, ule ule unaopendwa na majani chai, kwetu na kule Bomet.

Basi wenzangu, tukifyeka msitu wa Mau ovyo, mvua itaubeba udongo huu hadi Ziwa Victoria. Tupande miti, tulime kwa matuta. Mlima ukishakwisha hauoti tena!